Mdiria na Wadogo Zake

Kando ya Ziwa Viktoria yuko mdiria mwenye mabaka meusi na meupe, asimamaye hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini. Hutoboa shimo katika kingo za udongo na kutagia humo. Kwa kuwa madume huwazidi majike, vijana wengi hukosa mchumba.

Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza ndege hao nchini Kenya, alieleza mwaka 1984 kwamba waseja wasaidiao viotani ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mtoto wa kiume wa nyumba. Huyo hubaki kwa wazazi wake, huwavulia samaki wadogo zake kwa bidii kama baba mwenyewe, na huwakabili maadui wanaokinyemelea kiota. Kazi hiyo humdhoofisha. Hapati mtoto wake, lakini ndugu wa baba na mama mmoja ni nusu ya damu yake. Hesabu hiyo ya undugu aliifafanua Mwingereza W. D. Hamilton mwaka 1964. Familia za kambini, zilizozoea kuishi na shemeji, hazitashangaa.

Wa pili ni mgeni. Huleta samaki wachache, na jicho lake li kwa mama mwenye nyumba, kwani mwaka ujao huenda akamwoa. Mume humfukuza. Hata hivyo, Ziwa Viktoria lina mawimbi na samaki wanaovuliwa ni wadogo. Makinda wakisha kuanguliwa, njaa humshinda mwenye nyumba, akamkubali. Kule Naivasha, ambako maji hutulia na samaki ni wanono, mgeni kwa kawaida hakaribishwi.