Pini ya Shaba

Nilipokuwa mdogo, mashua nyingi za Dunga, kando ya Ziwa Victoria, bado zilikwenda kwa tanga na kafi. Injini zilikuja na biashara ya samaki aina ya mbuta. Viwanda vya minofu viliposhamiri Kisumu katika miaka ya 1980, samaki alitakiwa afike ufuoni akiwa mbichi, na upepo wa Ghuba ya Winam hauna ratiba. Mwenye pesa alinunua injini mpya ya kufunga nyuma ya mashua. Wengine, mjomba wangu akiwamo, walinunua kuukuu.

Injini yake ndogo ilikuwa na pini inayoshika propela kwenye shafti: kipande cha shaba laini, kifupi kuliko kidole. Kazi yake ni kukatika. Propela ikigonga mwamba, pini inakatika, propela inazunguka bure, na gia za ndani zinabaki salama. Unainua injini, unachomoa kilichovunjika, unatia nyingine, unaondoka. Lakini mvuvi aliyekatikiwa na pini jioni, mawimbi yakipanda, hawezi kuona kwamba amenusurika. Alirudi akitaka kitu kisichokatika. Fundi, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa wa baiskeli, akamkatia msumari wa inchi nne. Msumari ulipopinda, akamtilia kipande cha bolti. Mteja alilipa na kushukuru.

Injini ya mjomba iligonga jiwe ikiwa na bolti ya namna hiyo. Bolti haikukatika. Tulipofungua skrubu ya chini ya kasha la gia, oili ilishuka ndani ya kopo la Blue Band ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kwa maana maji yalikuwa yameshapenya kwenye sili, na chembe za meno ya gia zikimetameta ndani yake. Gharama ya gia na shafti ilikaribia bei ya injini nyingine kuukuu. Msimu ule alirudi kwenye tanga.

Kisha likaja gugumaji. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika eneo kubwa la ghuba, na mizizi yake iliziba matundu ambamo injini huvuta maji ya kujipoza. Ndani ya pampu kuna impela ya mpira. Ikizunguka bila maji huungua upesi na majani yake hukatika. Mafundi wengi walitia impela mpya, wengine wakachonga ya mpira wa tairi, wakafunga. Baada ya muda injini ilikwama, pistoni imegandamana na silinda, na lawama zikaangukia spea mpya.

Aliyenionyesha sababu ni mzee aliyestaafu kazi ya meli bandarini Kisumu, bandari ambayo tangu meli ya William Mackinnon iteremshwe majini mwaka 1900 imezoea meli zinazoletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa. Alitandika gazeti, akapanga juu yake mabaki ya impela kuzunguka kitovu chake.

“Hesabu majani, kijana wangu.”

“Ni manne, Mzee.”

“Yalikuwa sita. Mawili yako wapi?”

Yalikuwa yamesukumwa juu, yakaziba njia ya maji karibu na silinda. Aliyachokoa kwa waya, polepole, asubuhi nzima. Hakufunga hata bolti moja mpaka gazeti lilipokuwa na majani sita.

Fukusi walioachiwa ziwani mwaka 1997 walisaidia kupunguza gugumaji, ingawa gugu hilo hurudi kila baada ya muda. Vijana waliojifunza kwa mzee yule, nao, walienea hadi Usenge na Mbita, na ninaamini wameokoa injini nyingi kuliko duka lolote la spea. Ukifika kwao na injini iliyokwama, kwanza wanauliza nani aliifungua mara ya mwisho na alitia nini. Wanakataa kazi ya msumari hata mteja akikasirika. Kila mashua yenye injini ya pini wanaipa pini mbili za akiba, zimefungwa kwa waya ndani ya kifuniko.

Sasa upande wa Mbita kuna injini za umeme za kukodi. Hazina plagi wala mchanganyiko wa oili na petroli, na zikiharibika fundi wa kampuni zinazozikodisha ndiye huzifungua. Moshi umepungua, nami nashukuru. Ila ningetaka sana kampuni hizo ziwaajiri vijana wale wa ufuoni, kwa sababu miamba ya ziwa iko pale pale na propela bado ni propela.