Ruta iliyonitia adabu

Najua nimepotea sana humu, msinichape. Bumu lilipoingia nilijifanya mjanja, leo nimekuja kuungama.

Mnaikumbuka ile shule niliyofanya field mwaka jana? Vitabu vya Fizikia vitatu, wanafunzi sitini na kitu, intaneti hakuna. Nikawaahidi nikirudi nitawaletea maktaba ya kwenye boksi: ruta ndogo yenye tundu la USB, flash imejaa notsi na mitihani ya nyuma, wanafungua kwa wifi bila bando. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2004 Linksys walitoa kiboksi kinaitwa NSLU2, cha ARM, RAM MB 32 tu. Watu wakakipachika Linux, na Debian 4.0 ya 2007 ikawa inaingia humo. Tena mwaka huohuo wa 2004, hapahapa Mlimani, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Nikasema, mimi nishindwe nini?

Basi bwana, mwendokasi mpaka Gerezani, nikatembea hadi Mtaa wa Aggrey, nikanunua ruta ya mtumba ya ARM kwa elfu thelathini. Hosteli nikashusha OpenWrt. Kumbe faili nililoshusha ni la toleo jingine la ruta ileile! Ikanionya kwamba hazilingani. Mimi nikalazimisha. Ikabaki taa moja, kimya. Jamani, nilikaa kitandani napiga hesabu ya wali maharage wa wiki mbili.

Kosa langu ni hili. Kompyuta ya mezani hujitambulisha vifaa vyake vingi yenyewe, ndiyo maana CD moja ya Linux inaingia mashine kibao. Hivi vidude vya ARM haviko hivyo. Kerneli lazima ipewe maelezo: kumbukumbu iko wapi, taa iko pini ipi, chipu ya mtandao ni ipi. Ukiipa ramani ya nyumba ya jirani, inagonga ukuta.

Kesho yake nikarudi Kariakoo na aibu yangu. Fundi akaitazama, akacheka. "Madam, umelazimisha, eeh?" Akaifungua, akaunganisha nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi, volti 3.3, kupitia adapta ya USB hadi kwenye laptop yangu. Maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini. U-Boot, ile programu ya kuwashia, ilikuwa hai, maana inakaa sehemu yake peke yake. Tukapakia faili sahihi kwenye RAM kwanza, bila kuandika kitu. Ikawaka! Ndipo tukaliandika moja kwa moja.

Nikamuuliza, "Kaka, shilingi ngapi?" Alisema elfu kumi. Aliposikia ni ya wanafunzi akachukua tano. "Ila madam, ukawafundishe watoto kusoma swali kabla ya kujibu."

Nilikosa la kusema. Mwezi mzima wa field nilikuwa nawapigia kelele hilohilo.

Sasa ruta iko juu ya kabati, inagawa notsi chumba kizima. Lakini flash bado haijajaa, na ahadi ni deni. Mwenye mitihani ya nyuma ya Fizikia apite chumbani. Tuko pamoja.