Ndevu za Mahindi

Ukila hindi la kuchoma, hesabu kwanza mistari ya punje zake. Kwa kawaida utapata 12, 14 au 16. Ni nadra sana kupata 13. Sababu ni kwamba maua ya kike ya mahindi hujipanga mawili mawili kwenye gunzi, na kila punje tunayotafuna ilianza ikiwa ua. Wengi wetu hapa kitivoni tumekula bukari tangu utotoni bila kuambiwa habari hiyo kwa lugha ya nyumbani. Mimi na mdogo wangu tulilazimika kuisema kwa lugha hiyo, mbele ya mama yetu, wakati ambapo urafiki wa miaka mingi ulikuwa karibu kuvunjika. Katika makala hii nataka kueleza tuliisemaje, na ni maneno gani yalitusaidia.

Mama analima shamba dogo kando ya njia ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Hupanda mahindi meupe, ya kusaga unga. Msimu mmoja mvua ilikatika katika zile wiki ambazo mahindi hutoa maua, ikarudi baadaye. Siku ya kuvuna tulimenya mahindi tukakuta mapengo kama ya mdomo wa mzee, hasa kwenye ncha. Mstari mmoja ambao mama aliupanda peke yake kando ya mfereji ulikuwa mbaya kuliko yote. Lakini kilichomshtua zaidi ni rangi. Kati ya punje nyeupe zilikuwamo punje za manjano, hapa mbili, pale tano. Mama hakuwa amepanda mahindi ya manjano. Aliyeyapanda ni jirani wa shamba, mwanamke anayefuga kuku.

Ndugu mmoja wa ukoo, aliyekuja kusaidia kuvuna, alilishika hindi moja, akaligeuzageuza, akasema, "Shamba hili limechezewa." Hakuongeza neno. Kila msomaji wa jarida hili anajua neno kama hilo linaweza kufika wapi katika nchi yetu. Mama alinyamaza. Ila siku iliyofuata jirani alipotusalimu, mama aliitikia huku amegeuka upande wa pili. Wanawake hao wawili walikuwa wameazimana majembe na chumvi kwa miaka.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa akijitayarisha kwa egzetat, sehemu ya biolojia na kemia. Kila usiku tulimsikia akikariri kwa sauti, kwa Kifaransa, sehemu za ua na hatua za kutengenezwa kwa chavua, yaani ule unga wa ua unaobeba uzazi wa upande wa kiume. Maneno yote alikuwa nayo. Nikamwambia, "Mweleze mama yaliyotokea shambani." Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Maneno yale yalikuwa ya karatasi ya mtihani, na mtu wa kuambiwa alikuwa mama, ambaye shule yake iliishia chini. Akasema, "Yaya, wewe ndiwe mtu wa lugha." Basi tukakaa jioni tatu, yeye na daftari lake, mimi na kamusi.

Tulianza na umbo la ua. Mhindi mmoja una maua ya aina mbili. Juu kabisa kuna ua la kiume ambalo Kiswahili sanifu hukiita kichwa chake mbelewele. Mama huliita tu ua la juu. Chini, kwenye kwapa la jani, kuna ua la kike, ambalo ndilo hindi lenyewe. Yote mawili hayana petali za kupendeza wala mbochi wa kuita nyuki, kwa kuwa mbebaji wake ni upepo, na upepo hauhitaji kuvutwa kwa rangi. Ndani ya kila ua dogo la juu mnaning'inia vifuko vitatu kwenye nyuzi nyembamba. Kamusi inakiita kifuko hicho chavulio. Kila chavulio kina vyumba vinne, na humo ndimo chavua hutengenezwa.

Hapo mdogo wangu alianza kupata nguvu, maana aliyajua vizuri. Ndani ya vyumba hivyo, akasema, kuna seli mama. Kila seli ya mhindi ina kromosomu 20. Seli mama hujigawa mara mbili mfululizo na kutoa seli nne, kila moja ikiwa na kromosomu 10 tu, nusu ya mzigo, kwa kuwa nusu ya pili italetwa na upande wa mama. Kwa muda seli hizo nne hukaa pamoja ndani ya ukuta mmoja. Kisha ukuta unayeyuka, kila moja inakwenda peke yake, inajijengea ganda gumu lenye tundu moja dogo. Ndani ya ganda hilo inajigawa tena, ikatoa seli kubwa na seli ndogo. Ile ndogo nayo inajigawa kuwa mbili. Kwa hiyo chembe ya chavua ya mahindi, yenye upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, huondoka nyumbani ikiwa na seli tatu: moja ya kuchimba njia na mbili za kusafiri ndani yake.

Kulikuwa na sehemu moja isiyo na neno. Chumba cha chavulio kimezungukwa na tabaka la seli ambazo hulisha chavua inapokua, huipa vitu vya kujengea ganda lake, na chavua ikikaribia kukomaa zenyewe hufa. Vitabu vya Kifaransa huliita tabaka hilo kwa jina la Kilatini, na kamusi yangu ilikaa kimya. Nilipomweleza mama kazi yake, alijibu bila kufikiri: "Huyo ni mulezi." Mdogo wangu aliandika *mulezi* pembeni mwa daftari, karibu na lile neno la Kilatini. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kulisahau tena, ingawa kabla ya hapo lilimponyoka kila alipojihoji.

Ugumu mwingine ulikuwa wa adabu. Kifaransa cha darasani ni kama pazia; mtu anaweza kutamka mambo yote ya uzazi mbele ya mwalimu bila kuona haya. Kwa Kiswahili pazia halipo. Mbegu za kiume, yai, kuingia, kutunga mimba: mtoto hamwambii mama yake maneno hayo akiwa amekaa naye kwenye mkeka mmoja. Maneno ya kukopa, kama gameti na ovari, yalitulinda na aibu, lakini hayakumwambia mama kitu. Tukatafuta njia ya katikati. Tulisema upande wa baba na upande wa mama, na zile seli mbili zinazosafiri tukaziita wajumbe, kama wale wanaotumwa na ukoo wa kijana kwenda kuzungumza kwa ukoo wa binti. Mama alicheka, akasema tuendelee.

Sasa tulifika kwenye ndevu. Kila mlaji wa mahindi huzitupa, lakini kila udevu una punje yake. Chini ya udevu kuna ovari, nyumba ya yai moja, na udevu ndio barabara ya kuifikia. Chembe ya chavua ikitua kwenye udevu, huota mrija kupitia lile tundu lake. Mrija huo husafiri ndani ya udevu kwa muda wa karibu siku nzima ukiwabeba wajumbe wawili. Wakifika, mmoja huungana na yai, na hapo huanza mche mdogo ulio ndani ya punje. Wa pili huungana na viini viwili vya upande wa mama, na hapo huanza akiba ya chakula inayouzunguka mche. Sergei Nawaschin wa Urusi alilieleza jambo hili mwaka 1898, na Léon Guignard wa Ufaransa mwaka uliofuata. Akiba hiyo ndiyo tunayoisaga. Bukari ya mezani kwetu ni kazi ya mjumbe wa pili.

Kuanzia hapo mama alianza kutangulia. Udevu usiopata chavua hauna punje, akasema; hilo ni pengo. Tukamwongezea yaliyobaki. Mhindi ukikosa maji wakati wa maua, ndevu huchelewa kutoka, lakini chavua haisubiri. Ua la juu humwaga kwa wakati wake. Ua moja la juu humwaga chembe kwa mamilioni, ila kwenye jua kali chembe huishi saa chache tu. Ndevu za ncha ya hindi ndizo hutoka mwisho, na ndiyo maana mapengo yalikuwa mengi kwenye ncha. Ule mstari wa kando ya mfereji ulikuwa peke yake, na upepo uliipeleka chavua yake pembeni, mbali na ndevu zake, bila majirani wa kuifidia.

Ikabaki rangi. Jirani alipanda kama wiki mbili baada yetu. Chavua yetu ilipokuwa imekwisha, yake ilikuwa inaanza, na zile ndevu zetu zilizochelewa ziliipokea. Rangi ya manjano imo katika ile akiba ya chakula, na mjumbe wa pili huiingiza humo mara moja, kwa hiyo inaonekana msimu uleule, bila kungoja mbegu ipandwe tena. Na kwa kuwa akiba hiyo hupata sehemu mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, manjano ya punje zile yalikuwa hafifu kuliko ya mahindi ya jirani. Mdogo wangu alileta hindi, tukalitazama kwenye mwanga wa mlango. Ndivyo zilivyokuwa.

Mama alilishika kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi hizi za manjano, kama si yeye, zingekuwa mapengo nazo."

Kisha akauliza, "Na mvula, ni nani aliifunga?"

Daftari halikuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Tulikuwa tumeeleza jinsi mapengo yalivyotokea. Yeye aliuliza kwa nini mwaka ule, na kwa nini kwake. Silioni swali hilo kuwa la kitoto, na sidhani kwamba somo la biolojia linalifuta. Lakini nilisikia kwamba swali lilikuwa limehama. Mvua ilikatika juu ya mashamba yote mawili. Halikumwelekea jirani tena.

Wanafunzi wenzangu wa kitivo, mara nyingi tunabishana kama Kiswahili kinaweza kufundisha sayansi, na ubishi wetu huishia kwenye orodha za istilahi. Jioni zile tatu zilinionyesha maneno ya namna tatu yakifanya kazi pamoja. Yapo ya kukopa, kama kromosomu na ovari, yanayofungua kitabu. Yapo ya kamusi, kama chavua na chavulio, yanayotuunganisha na wasemaji wa Kiswahili wa nchi nyingine. Na yapo ya nyumbani, kama ndevu na mulezi, ambayo mtu anaweza kuyashika na kuuliza swali jipya kwayo. Mdogo wangu aliyahitaji yote matatu kabla picha haijakamilika, hata kama mtihani wenyewe ulikuwa wa Kifaransa. Ombi langu kwa walimu wetu ni dogo: kazi za istilahi tunazopewa tuzipeleke pia kwa mtu anayezihitaji, mkulima, mkunga, fundi, tuone neno lipi analikataa na lipi analikamilisha mwenyewe.

Msimu uliofuata mama alipanda kwa kipande cha mraba, si kwa mstari mmoja, na kwa tarehe mbili, ili mahindi ya pili yaweze kuzisaidia ndevu zilizochelewa za yale ya kwanza. Wakati wa maua alichuma hindi changa, akalimenya taratibu na kulitikisa. Tulikuwa tumemwambia kwamba ndevu zinazodondoka zimekwisha kazi yake, na zile zinazobaki zimeshika bado zinangoja mjumbe. Alizihesabu zilizobaki, akaniambia idadi yake kama mtu anayetoa habari za afya ya mtoto.

Ndugu yule wa ukoo hajabadili maneno yake, na hatukubishana naye. Lakini kabla ya kupeleka mahindi kwenye mashine, mama alikaa uani akachambua punje za manjano moja moja mpaka zikajaa bakuli. Akajifunga kitenge, akalibeba bakuli mwenyewe mpaka kwa jirani. "Nimekuletea za kuku wako," akamwambia. "Zilipotelea kwangu."