Wimbo Usio na Kadi ya Chama

Mimi ni mpenzi wa taarab, si mwanasiasa. Lakini kila uchaguzi ukiwadia huletewa siasa kwa fidla na ganuni. Tangu vyama vingi virejee mwaka 1992, nimesikia sauti teule zikitukuza wagombea. Sizikatai sauti. Ila kura zikishahesabiwa, nani huuomba wimbo ule arusini?

Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba habari za Kijiti: mwanamume aliyeua mwanamke akavuka bahari, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Hapakuwa na chama kilichomtuma. Aliimba dhuluma ya mahakama mbele ya watu waliowajua waliofungwa, na bado wakacheka na kulia. Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, akaupokea wimbo huo akaukongea nao. Hiyo kwangu ndiyo siasa.

Vijana wa Zenji Fleva hudhani nawabeza. La hasha! Baadhi ya vina vyao huvionea wivu. Nawasikiliza usiku, redio chini ya mto, nikimngoja atakayemtaja hakimu.