Pamba Masikioni

Lugha yetu haimsifu mtu aliyeziba masikio. Tukisema fulani ametia pamba masikioni, tunamlaumu: ameambiwa hakusikia, ameonywa hakuonyeka. Hali ni hiyo hiyo kwa macho. Aliyefumba macho ametenda bila kufikiri. Na aliyevaa miwani, kwa msemo unaofundishwa hata shuleni, amelewa. Kwa Kiswahili, jicho jema ni lile lililo wazi, na sikio jema ni lile lililotegwa. Leo, ndugu msomaji, nataka kumtetea mtu aliyetia pamba masikioni na kuvaa miwani. Namtetea nikiwa mshairi, kwa kuwa nimeona kwa mtu wa nyumbani kwangu jinsi upepo unavyoweza kuiba kina.

Mimi ni mtu wa Bukima, Musoma Vijijini, upande wa Majita. Kwetu ziwa haliko mbali popote usimamapo, na upepo wake una ratiba: mchana hutoka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Barabara ya kwenda Musoma mjini, ile itokayo Busekera kupitia Makojo, kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya udongo na changarawe. Anayetaka kwenda mjini kununua dawa, au Butiama kuzika, au Bunda kupanda basi la Mwanza, mara nyingi huanza safari yake mgongoni mwa pikipiki. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, huko Busia kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Sasa limeenea hata vijijini ambako hakuna mpaka wowote zaidi ya ule wa shamba na shamba.

Ziko nchi ambako wenye uwezo hununua magari ya fahari yasiyo na paa, wakayaendesha kwa kasi ili upepo uwapige usoni. Watu hao hushauriana kwa makini: miwani gani izuie upepo, vizibo gani viwekwe masikioni. Wana haki ya kushauriana, maana madaktari waliopima kelele ndani ya magari ya namna hiyo walikuta kwamba, kwa mwendo wa barabara kuu, zinavuka desibeli 85. Gari letu la wazi ni pikipiki. Haina paa, haina kioo cha mbele, haina mlango. Na anayeiendesha hatafuti burudani ya Jumapili, anatafuta unga. Hushinda juu yake tangu alfajiri hadi taa zinapowashwa. Ikiwa mwenye gari la fahari anastahili ushauri, mwenye bodaboda anaustahili mara kumi.

Nianze na jicho. Jicho huishi kwa unyevu. Juu ya mboni limetandazwa tabaka jembamba la machozi, na kila tunapopepesa kope tunalitandaza upya. Upepo wa mwendo hulikausha tabaka hilo kabla ya kope kurudi. Jicho huwasha, kisha, kwa kujitetea, humwaga machozi mengi yasiyotulia. Ndiyo maana dereva asiye na miwani hulia bila msiba. Juu ya upepo huo kuna vumbi la kiangazi. Na kwetu sisi wa kando ya ziwa kuna wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Wenzetu wa Ziwa Nyasa huwaita wadudu wa jamii hiyo kungu, jina lililo ndugu wa ukungu, na wengine huwakusanya wakawatengeneza mikate. Anayepita katikati ya wingu hilo kwa kilomita 50 kwa saa akiwa macho wazi hali mkate wowote. Hupigwa machoni, na kwa sekunde mbili tatu anaendesha kipofu. Kwa mwendo huo, sekunde mbili ni karibu mita 28.

Lipo pia jua. Watu wanaoishi karibu na ikweta, wakifanya kazi penye jua, vumbi na upepo, ndio wanaosumbuliwa zaidi na ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho upande wa pua, ikatambaa polepole kuelekea mboni. Wazee wengi wa uvuvi wanayo. Sasa naiona kwa vijana wa vijiweni.

Tukiingia kwenye sikio, naomba wapenzi wa lugha wanivumilie kidogo. Jicho ni jina kongwe. Wanyarwanda husema ijisho, Waganda eriiso, nasi jicho, na lile ji- la umoja huanguka katika wingi, tukapata macho, kama jino linavyotupa meno. Lakini sikio ni jina la kazi. Wanyarwanda husema ugutwi na Waganda okutu, kwa mzizi wa kale. Sisi tuliuacha mzizi huo, tukakiita kiungo kwa kile kinachokifanya: sikio ni cha kusikia. Basi hebu fikiri: sikio lisilosikia linabaki kuwa nini? Limebaki nyama ya kuning'iniza hereni, jina lake limeshaondoka.

Kelele inayomdhuru mwendesha pikipiki si ya injini peke yake. Mwendo ukizidi kiasi, upepo unaokatwa na kichwa na kofia ndio unaonguruma kuliko injini. Vipimo vilivyofanywa ndani ya kofia ngumu vimeonyesha takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na zaidi ya 100 mwendo unapopanda sana. Wataalamu wa afya kazini wanaotumia kipimo kikali huruhusu desibeli 85 kwa saa 8. Kisha kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, na 100 dakika 15 tu. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono, na humo chembe zenye vinywele, zipatazo elfu 15 kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa habari ya kupeleka kwenye ubongo. Kelele huzichosha, na zikichoshwa kila siku hufa. Chembe hizo kwa binadamu hazioti tena.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ameendesha bodaboda kwa zaidi ya miaka kumi. Hajaandika ubeti maishani mwake, lakini kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mhariri wangu. Jioni nikimsomea shairi, yeye hukaa kimya akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti, na kina kikikosea hata kwa herufi moja hunyanyua mkono. Mwaka juzi nilimsomea shairi lenye kina cha kati -sha na cha mwisho -sa. Alisikiliza hadi beti ya tatu, akanyanyua mkono.

"Shemeji, siku hizi umekuwa mvivu. Kati na mwisho umetumia kina kimoja."

"Ni viwili, shemeji. Sikiliza tena."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Dada yangu, aliyekuwa akichambua dagaa mlangoni, alivisikia vyote viwili na akasema hivyo. Shemeji alicheka, kisha akaacha kucheka. Nilimjaribu kwa maneno mawili mawili, nikiwa nimemgeuzia kisogo ili asisome midomo: pasa na pasha, fika na shika, thamani na samani. Kila jozi kwake ilikuwa neno moja. Alipokwenda kupimwa hospitalini, aliambiwa kwamba sauti nene anazisikia vizuri, nyembamba zimepungua katika masikio yote mawili, na kilichopotea hakitarudi.

Jambo hilo lina maelezo yake, na kila mshairi anapaswa kuyajua. Usikivu unaoharibiwa na kelele hauanzi kupungua kwenye sauti zote. Huanza kwenye sauti za juu, karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Irabu zetu tano zina nguvu nyingi, na nguvu hiyo imekaa chini, hivyo husalimika. Konsonanti za mkwaruzo, yaani s, sh, f na th, ni hafifu na zimekaa juu. Ndizo za kwanza kupotea. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii husema, "Nasikia unaongea, sielewi unachosema." Kwa ushairi wetu maana yake ni hii: mizani hubaki, kwa kuwa mizani huhesabiwa kwa silabi na silabi hubebwa na irabu. Vina huvunjika. Shemeji bado anaweza kuniambia kuwa mstari umepungua mizani moja. Hawezi tena kuniambia kama -sha imekuwa -sa. Anasikia kuta za nyumba, milango hajui iko wapi.

Hapa nakumbuka jirani yetu mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, na Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo ya pili kuna mahali ambapo Kaizari, mtawala anayeogopwa na Roma nzima, anamtaka Antonio ahamie mkono wake wa kulia kwa kuwa sikio lake la kushoto halisikii. Ni maneno machache tu, lakini mtu mzima anaonekana humo. Anazungumza kama asiyeweza kushindwa na lolote, huku upande mmoja wa dunia hamfikii. Na maonyo yalikuwapo, yakasemwa, yasisikike. Nimeanza kumwona shemeji akifanya vivyo hivyo katika vikao vya familia: huchagua kiti, humgeuzia msemaji uso, hucheka wengine wakicheka. Hakuna anayemwita kiziwi. Wanasema tu kwamba siku hizi amekuwa na majivuno.

Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo tumezoea kumtupia mkaidi, na daktari wa masikio angeitia sahihi kama ilivyo. Ila huitia sahihi kwa sababu nyingine: sikio lililokufa halina dawa, kwa hiyo dawa yote iko kabla. Pamba ambayo lugha inaisema vibaya ndiyo inayomwezesha mtu aendelee kusikia anapoambiwa.

Hata hivyo, pamba yenyewe ya dukani hupunguza kelele kidogo mno. Kinachofaa ni vizibo vya sponji, vile vinavyotumika migodini na viwandani. Husokotwa kwa vidole hadi viwe vyembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kikaingizwa na kushikiliwa hadi kivimbe. Wapo wanaohofu kwamba hawatasikia honi. Kizibo hupunguza honi na upepo kwa pamoja, kama miwani ya jua inavyopunguza mwanga wote bila kuficha ng'ombe barabarani. Honi hubaki juu ya ngurumo kama ilivyokuwa. Ukiingia sokoni kwa mwendo wa polepole, vitoe. Kwa macho, vaa miwani inayokumbatia uso, ya plastiki ngumu isiyopasuka vipande, au teremsha kioo cha kofia ngumu. Isiwe nyeusi usiku. Kioo kilichokwaruzwa kibadilishwe, kwani taa za lori huchanua humo kama jua. Na mdudu akiingia, simama, usisugue, osha kwa maji safi. Kupulizwa kwa pindo la kanga kuna mapenzi yake, lakini maji yana faida zaidi.

Sheria ya usalama barabarani inadai kofia ngumu. Haisemi lolote juu ya kina kilichopotea. Kazi hiyo imeachwa kwetu sisi tunaoishi kwa masikio ya wenzetu. Mshairi hasikiki peke yake. Kila shairi linahitaji mtu wa kunyanyua mkono. Kijiwe kimoja cha bodaboda kina vijana ishirini, na kila mmoja wao anaweza kuwa ndiye mhariri ambaye hatujampata.

Shemeji sasa anavaa vizibo, vya rangi ya chungwa, na wenzake walimtania wiki nzima kwamba ametia pamba masikioni. Niliwaandikia beti mbili, zimebandikwa kijiweni:

Ewe mwenye pikipiki, unayepita Bukima,
Upepo haupimiki, vumbi nalo linavuma,
Sikio halishoneki, na likifa limekoma,
Jicho na sikio linda, ufike kwako mzima.

Pamba haiwi kiburi, ukiitia kwa nia,
Hulinda vina vizuri, na sauti kusikia,
Na miwani ya safari, si ya mlevi wa njia,
Jicho na sikio linda, ufike kwako mzima.

Kabla ya kuzibandika nilimsomea shemeji. Alihesabu kwa vidole juu ya goti, akasema mizani imetimia. Kuhusu vina, alimtazama dada yangu, naye akaitikia kwa kichwa.