Nafasi Moja Tu

Siku ile nilipanda Coaster ya kutoka Korogwe kwenda Handeni nimepakata kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000: UNIX and Linux System Administration Handbook, cha Evi Nemeth na wenzake. Nilikigeuza jalada juu makusudi, watu wakione. Jirani yangu akauliza, "Kaka, hiyo ni Biblia?" Nikacheka, ila moyoni nilivimba.

Ofisi moja ndogo ilikuwa imeniita niwatunzie seva yao. Kusema kweli, amri za Linux nilizijua kama ninavyojua Kizigua: salamu naitikia, maongezi siwezi. Kitabu chenyewe nilikuwa nimefika ukurasa wa 40 hivi.

Jioni moja nikataka kufuta mafaili ya zamani, yote yakianzia na neno "nakala". Ilitakiwa niandike rm nakala* basi. Mimi nikaandika rm nakala * yaani kidole kiliongeza nafasi moja kabla ya nyota. Nyota ikisimama peke yake maana yake ni kila faili lililopo hapo. Mashine haikuuliza kama nina uhakika. Ilinijibu tu kwamba hakuna faili linaloitwa nakala. Nikadhani haijafuta kitu. Nikaandika ls nione. Patupu.

Mama mhasibu alikuja asubuhi. "Mwanangu, michango ya watu iko wapi?"

Bahati yangu, yote alikuwa ameiandika pia kwenye kaunta buku. Tulikaa siku tatu, yeye akisoma, mimi nikichapa. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi Korogwe nikapakua The Linux Command Line cha William Shotts, ambacho mwenyewe amekiweka bure kwa PDF. Mapema tu, sura ya nne, kwenye maelezo ya rm, nikakutana na kosa langu: nafasi ileile, nyota ileile. Na dawa yake ipo hapohapo: kabla ya rm, andika ls na maneno yaleyale, uone kwanza yatakayoguswa.

Kitabu cha Nemeth hakina kosa. Kinamfaa mtu aliyekwisha kuzoea kazi, anayetafuta jibu la jambo fulani. Mimi nilikuwa bado nahitaji kujua pwd inajibu "niko wapi" na ls inajibu "hapa kuna nini". Nilichagua kitabu kwa unene, kwa ajili ya macho ya abiria.

Siku hizi kijana akiniuliza aanze na kipi, simtajii jina haraka. Namwambia afungue ukurasa wa rm. Kama mwandishi anampa amri ile bila kumwonya, akirudishe kabatini. Kama anamwonya, akae nacho, ajaribu kila mfano kwenye mashine yake mwenyewe, si ya ofisi.

Na kaunta buku asiitupe.