Vifaranga Walitangulia Banda

Nilipochaguliwa kuwa msimamizi wa mradi wa kuku wa darasa letu nilifurahi sana, maana nilidhani kusimamia ni kuamrisha. Wazazi walichanga fedha, nasi tukaazimia kufuga kuku 50 wa mayai. Jioni ile ile niliwagawia wenzangu kazi kwa mdomo tu: hawa wakate miti, wale watafute maranda, na mmoja aagize vifaranga mjini. Nikaona nimemaliza.

Yule wa vifaranga alikuwa hodari kuliko sote, na uhodari wake ndio uliotuponza. Vifaranga wa siku moja waliletwa Alhamisi, na banda lilikuwa nguzo nne tu, halina paa. Tukawaweka katika stoo ya majembe. Kifaranga katika juma lake la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Sisi tulikuwa na taa moja ya chemli. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tuliwakuta wamelundikana pembeni, na wa chini wamekufa. Kufika Jumapili walibaki 19. Wale 31 niliwazika peke yangu.

Siku ya wazazi mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, kuku wetu wako wapi?" Nikamjibu kwamba aliyeagiza aliharakisha. Jibu hilo linanionea haya hadi leo, kwani mwenzangu alifanya kama alivyoambiwa. Mimi ndiye sikumwambia angoje nini.

Mwalimu wa kilimo hakunigombeza. Alinisimulia habari za karanga za Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta ya kula yalikuwa haba Uingereza, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza mradi wa kulima karanga, hasa Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3 kwa miaka 6. Matrekta yalifika kabla mvua na udongo wa mahali pale havijachunguzwa vya kutosha, wala halikutangulia shamba dogo la majaribio. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha kutumika. Nilifarijika kidogo, nakiri.

Kisha akanipa karatasi, akasema niandike kwanza kazi ya mwisho. Vifaranga wanafika. Siku hiyo lazima nini kiwe tayari? Kinengunengu chenye moto, uliojaribiwa usiku kucha. Kabla ya moto, maranda na paa. Kabla ya paa, nguzo. Ndipo nilipoona kwamba maranda hayangoji paa, hata watu wengine wangeweza kuyakusanya wakati fundi yuko juu. Kila kazi niliiandikia jina moja, si mawili, kwani wawili hutegeana, kama mjuavyo ninyi mnaofagia bweni kwa zamu. Fedha kidogo tuliiweka kando, na kweli misumari ilipunguka.

Zilizosalia zilitosha vifaranga 30. Tuliwaagiza moto ulipokwisha kujaribiwa, wala si siku moja kabla. Alikufa mmoja.

Mzee yule alipokuja tena nilimpeleka bandani kabla hajauliza. Aliwahesabu mwenyewe, 29 wapya na 19 wa kwanza, kisha akaniuliza habari za wale wengine. Safari hii nilimwambia ni nani aliyekosa.